Risala ya klabu ya jiografia kwa mgeni rasmi: madini yanavyojikusanya chini ya bahari

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana, tumefurahi kweli kweli umekuja.

Mheshimiwa, mwaka huu klabu tumekomaa na kitu kimoja tu, chemchemi za moto za chini kabisa ya bahari, maana watu wengi ukiwatajia madini wanawaza mlima na shimo la machimbo basi.

Iko hivi. Pale sakafu ya bahari inapoachana maji ya chumvi yanapenya kwenye nyufa, yanashuka hadi karibu na magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, yanapata moto mpaka nyuzi 350 na zaidi ila hayachemki sababu mgandamizo wa maji ya juu ni mkubwa mno, yanakuwa na asidi na yananyonya shaba, zinki, chuma, hata dhahabu kidogo toka kwenye mwamba wa basalti, halafu yanapanda. Yakitoka tu yanakutana na maji baridi ya nyuzi 2 hivi, papo hapo madini yanashikana na salfa yanakuwa chembe nyeusi, ndo ule moshi mweusi unaoonekana kwenye picha za chemchemi hizi, kumbe si moshi hata kidogo! Chembe nyingi zinachukuliwa na maji, zingine zinanasa mdomoni mwa tundu na kujenga bomba linalopanda kama kichuguu, likianguka lingine linaota juu ya vifusi, na miaka maelfu ikipita unapata kilima. Kilima kimoja kinachoitwa TAG, katikati ya bahari ya Atlantiki, kina upana wa mita 200 hivi. Na shaba ya Saiprasi iliyochimbwa tangu enzi za kale ilijikusanya hivi hivi, sakafu ya bahari ikaja kuinuliwa ikawa milima.

Kilichotugusa zaidi kipo Bahari ya Hindi hii hii yetu. Kwenye chemchemi za Kairei kuna konokono ambaye magamba ya mguu wake yana madini ya chuma na salfa, yaani anavaa madini, na 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini sababu ya mipango ya uchimbaji. Sisi tunaona watu wasikimbilie kuchimba kule kabla hawajajua kuna nini.

Mheshimiwa, ombi letu ni hadubini moja na sampuli za mawe yenye shaba na zinki, maana mpaka sasa tunasoma kwa picha za kwenye simu ya mwalimu.

Tunaomba kuwasilisha.