Kabla hamjahamia Buffalo

Mama Furaha dada yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, watoto wazima, mgongo wa Baba Neema ndio bado. Mama Riziki kaniambia mnahama Houston mwezi wa 12 mje kwetu huku Buffalo, New York. Nimefurahi mno, lakini usingizi umeniruka. Mbona mwezi wa 12? Ngojeni Aprili.

Theluji unaijua kwa picha. Ile ya Krismasi ya 2022 ilikuja na upepo wa zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Ziwa Erie, hili lililo jirani na mji wetu, lilikuwa halijaganda, baridi kali ikapita juu ya maji, ikabeba mvuke ikaja kuumwaga kwetu. Ng'ambo ya barabara huoni. Ilipotulia, uwanja wa ndege ulikuwa umepata zaidi ya sentimita 130, na watu zaidi ya 40 wameshakufa. Waliokufa mjini, wengi ni Weusi wenzetu.

Kinachoniuma hadi leo ni lile katazo la kuendesha magari. Lilianza Ijumaa tarehe 23, saa tatu na nusu asubuhi, watu wameshatoka kwenda kazini! Wengine wakafia ndani ya magari. Wengine nyumbani, umeme umekatika, hita zimezima, na ambulensi zenyewe zimekwama. Wengine moyo ulisimama wakiwa na sepetu mkononi, wanaondoa theluji mlangoni. Sisi tulijibana kwa Mama Riziki, kwake umeme ulibaki. Mungu ambariki yule mama.

Kama hamwezi kungoja, wekeni ndani mapema unga, maharage, maji, maziwa ya mtoto na dawa za presha za Baba Furaha. Gari likizama kwenye theluji, usiwashe injini kabla ya kufukua ekzosi, ile gesi haina harufu na inaua. Na bosi akisema njoo wakati redio inatangaza dhoruba, usiende. Lile katazo lilichelewa, usingoje jingine. Kazi nyingine tutatafuta.

Nyumba mmepata mtaa gani? Hita ni ya gesi au ya umeme? Baba Furaha atafanya zamu ya usiku? Watoto wana mabuti? Na kweli Aprili haiwezekani? Nipigie kabla ya Jumapili na saizi zao, kanisani wanagawa makoti nami nataka kuwachagulia mazito.

Wako,
Mama Neema