Baba, lile gobore la babu yako usilishike

Baba, mwanangu, hujambo. Huku hatujambo, baba yako presha imeshuka kidogo tangu abadilishiwe dawa. Nakuandikia usiku huu maana ile video ya historia ya baruti na bunduki uliyotuma kwenye grupu la familia nimeiangalia mara tatu na usingizi umenikataa. Wenzako wote wameweka makofi, mimi sijaweka kitu. Halafu mdogo wako ananiambia Jumamosi unakuja kuaga na umepanga kulitoa lile gobore darini, ulipige moja tu, yeye akurekodi. Baba, usilishike. Naanza na hilo na nitalirudia, univumilie.

Kwanza nikwambie umeongea vizuri, una sauti ya kufundisha, hata baba yako kasema huyu kamchukua mama yake. Lakini mambo mengi uliyosema siyo, na lile lililonitisha zaidi ni pale uliposema hizi silaha za kizamani zilikuwa kama midoli, moshi mwingi na kelele basi. Nani kakwambia? Mwaka 1460 mfalme James wa Pili wa Scotland alikuwa ameizingira ngome ya Roxburgh, kasimama karibu na mzinga wake mwenyewe wakati unapigwa, ukapasuka, kipande kikamvunja paja akafa palepale. Mfalme huyo, mwenye mafundi wake na chuma bora cha wakati ule. Hilo la babu yako linang'aa nje kwa sababu baba yako kila Pasaka analifuta mafuta, ndani ya mtutu hakuna aliyewahi kufuta, ukimulika na tochi unaona kutu imejaa kama masizi ya sufuria. Hicho chuma kimeliwa, baba.

Na usiniambie baruti yake imeshazeeka haina nguvu. Baruti nyeusi haizeeki kama unga wa sembe, ikikaa pakavu inakusubiri. Mwaka 2008 huko Virginia, Marekani, kuna mtu alikuwa anasafisha kombora la ile vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865, amefanya kazi hiyo miaka mingi na ni mzoefu, likamlipukia kwenye uwanja wa nyumba yake akafa. Zaidi ya miaka 140 imepita na baruti bado ilikuwa hai.

Lile la Wachina kwamba walivumbua baruti wakaishia kuchezea fataki za sikukuu, hadi Wazungu walipokuja kuifanya silaha, najua ulikolitoa. Ni kwenye daftari langu la kufundishia lenye jalada jekundu, na ubaoni limeandikwa hivyohivyo miaka 31, watoto wa watu wameandika wakapata vema. Sasa sikiliza ilivyo. Karne ya 9 wale watafuta dawa ya kutokufa walichanganya chumvi ya baruti na kibiriti, ile salfa, na mkaa, na hawakuchelewa kuona kazi yake nyingine. Mwaka 1044 kitabu cha jeshi lao, Wujing Zongyao, tayari kina mapishi ya baruti ya vita, mabomu ya kurusha na moto wa kuchoma kambi za adui. Mwaka 1132 mji wa De'an umezingirwa, waliokuwa ndani wakatoka na mikuki ya moto, mianzi mirefu imejazwa baruti inatema moto mbele kwa mbele. Mwanzi ule ndio uliokuja kuwa mtutu, wakaufanya wa chuma na wa shaba, wakaanza kutia vitu vya kuruka na moto. Sasa hapo fataki za sikukuu ziko wapi?

Na wewe unaenda Harbin, China! Mwaka 1970 hukohuko wilaya ya Acheng, ambayo leo iko ndani ya Harbin, walifukua kimzinga cha mkono cha shaba nyeusi, urefu sentimita 34, uzito kilo tatu na nusu, kinakadiriwa ni cha karibu mwaka 1288. Hakina kifyatulio. Nyuma kina tundu la kuchomeka mpini wa mti, katikati kimevimba kama shingo ya kibuyu, pale ndipo baruti inakaa, na juu ya uvimbe kuna kitundu kidogo cha kupitishia moto. Walivimbisha pale kwa sababu walijua panapopasuka. Waliokitengeneza waliogopa kitu chao wenyewe, na wewe unataka kuweka bega lako kwenye la babu. Ukifika huko nenda makumbusho ya mkoa ukitafute, upige picha unitumie, hiyo ndiyo video ninayoitaka.

Yule mtawa wa Kijerumani uliyemtaja, Berthold Schwarz, kwamba ndiye aliyevumbua baruti, ni hadithi waliyotungiana baadaye. Mwaka 1326 mji wa Florence ulishaandika agizo la mizinga ya shaba na risasi za chuma, na habari za baruti zilishapita kwa Waarabu zamani. Hili neno letu baruti lenyewe tumelichukua kwao. Ibn al-Baytar, tabibu aliyefariki Damascus 1248, ile chumvi aliiita theluji ya China. Nimelipenda sana hilo jina, nikalikumbuka nilipokuwa nakushonea zile suruali za ndani za flana, uende nazo, usione aibu.

Jingine ulisema bunduki ilipofika tu, upinde ukatupwa kwa sababu bunduki inalenga vizuri. Hapana baba. Zile za mwanzo zilikuwa hazilengi, na ukishapiga moja unahangaika kushindilia wakati mwenye upinde amekuachia mishale kadhaa. Utambi ukilowa mvua huna silaha. Waingereza walifika 1595 ndipo serikali ikaondoa pinde kwenye majeshi yao ya akiba, karibu miaka 250 baada ya mizinga yao ya kwanza vitani pale Crécy, Ufaransa. Bunduki ilishinda kwa sababu nyingine, mkulima yeyote unamfundisha kwa wiki chache, mpiga upinde unamlea tangu utoto. Hata hapa kwetu Unyamwezi, rugaruga, wale askari wa Mtemi Mirambo, walikuwa na magobore lakini mikuki na pinde hazikuachwa. Na Mtemi Isike wa Tabora, Wajerumani walipoingia ngomeni kwake Januari 1893, alilitia moto ghala lake la baruti yeye mwenyewe akiwa humo asikamatwe. Babu yako alikuwa akisimulia hilo kila tukipita njia ile, na baada ya hapo anatuambia tusimsogelee akiwa anashindilia.

Ndo nije kwenye lile linaloninyima usingizi. Wewe unajuaje kama halina kitu ndani? Gobore hulioni kwa macho. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Marekani, 1863, waliokota bunduki elfu 27 na ushee, kama elfu 24 zilikuwa zimeshindiliwa, na karibu nusu ya hizo zina baruti na risasi mara mbili, nyingine mara tatu mpaka kumi. Askari anashindilia, haijalipuka, kwa kelele hajui, anashindilia tena juu yake. Askari aliyefundishwa huyo. Kwa babu yako ilikuwa ukishindwa kupiga mnyama unarudi nalo hivyohivyo, unatoa fataki, ile ya kuwashia baruti, unalitundika, kesho ni kesho.

Siku ile mjomba wako aliuliza, hili lina kitu? Mtu akamjibu liko tupu. Huyo mtu alikuwa anasonga ugali na hakugeuza hata shingo. Mjomba akatia baruti juu ya baruti. Ile mashine ya kukoboa mpunga mliyoambiwa ndiyo ilimkata vidole, baba, kijijini kwetu mwaka ule mashine haikuwepo. Ndo maana sipendi kuulizwa kitu nikiwa jikoni, na mnaona nakuwa mkali. Mjomba hajawahi kusema kwa mtu, na wewe ukimkuta usimuulize.

Usilishike. Kibali kilikuwa cha babu na babu hayupo, kwa hiyo hata kulikalia ni kosa, polisi wanatangaza watu wasalimishe kwa hiari na sisi tunajifanya hatusikii. Nimeongea na baba yako, kakataa, kasema ni kumbukumbu ya mzee. Nimemwambia kumbukumbu ya baba yangu mimi ni wewe uliyebeba jina lake. Mtendaji atakuja Ijumaa na askari walichukue, kabla hujafika. Ukinuna nuna tu, utanuna ukiwa na vidole kumi.

Halafu wiki tatu hukupiga simu, una bando la kurusha video lakini la kunisalimia huna. Sikufichi imeniuma. Asali nimekuchujia lita tano, sijui kama ndege wanakubali, uliza. Karanga mdogo wako anazikaanga kesho. Ile hela ya koti usiiguse, hiyo shule ya mdogo wako tutajua wenyewe, tumbaku ikilipwa tutamalizia. Mabati ya jikoni yamefika ila misumari wametuletea mifupi, njoo na kilo mbili za inchi tatu kutoka mjini.

Ufunguo wa darini ninao mimi. Ukifika usiku gonga mlango wa nyuma, wa mbele komeo limekatika.

Mama yako