Salamu za shukrani kutoka familia ya Shangazi Sista, Kilolo, Iringa

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene.

Sisi watoto na wajukuu wa kaka zake marehemu tunawashukuru ninyi nyote mliotushika mkono tangu tulipopata taarifa ya msiba mpaka tulipoanua matanga. Jina lake la nadhiri mlilisikia kwenye misa. Nyumbani aliitwa Shangazi Sista, na hata wasiokuwa ndugu walimwita hivyohivyo, basi na tuliache liwe hilo.

Tuseme ukweli: tulijiandaa kwa msiba mdogo. Sista hana mume wala watoto, anazikwa na shirika kwenye makaburi ya masista. Tukapiga hesabu ya turubai moja na sufuria mbili za wali. Usiku wa kuamkia mazishi mvua ilinyesha hadi alfajiri, njia ikawa utelezi mtupu, na bado watu walikipanda kile kilima viatu mkononi. Wengi wao ni wanawake, wenye watoto mgongoni na wenye mvi. Kijana wetu aliyekaa meza ya rambirambi alikuwa akimuuliza kila mmoja, "Niandike wewe ni nani kwa marehemu?" Jibu lilikuwa lilelile: "Binti yake." Kufikia saa nne daftari limejaa mabinti na maji ya kunywa yamekwisha.

Hapo ndipo mlipotuokoa. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, waliingia jikoni bila kuombwa. Majirani zetu Walutheri walileta mahindi, kuni na viti vya kanisani kwao. Vijana wa bodaboda waliwapandisha wazee na hawakutaka nauli, na gari la jeneza lilipozama kwenye tope, ni wao walioshuka kulisukuma wakiwa na nguo zao za msibani. Asanteni sana.

Kwa vijana ambao hawakumfahamu, tuongeze kidogo. Babu alikuwa ameshapokea ng'ombe wawili wa kishika uchumba pale binti yake aliposema anakwenda utawani. Ng'ombe mmoja alirudishwa. Wa pili alikuwa ameshaliwa, na babu alikaa miaka hasemi na mtu wa misheni. Alikuja kulegea siku ya nadhiri za daima, na hata siku hiyo alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Sisi nasi tulikuwa na manung'uniko yetu. Kila alipokuja likizo aliondoka na kitu: debe la mahindi, kuku, mbuzi. Baba Mdogo alifikia hatua ya kuwahamisha mbuzi zizi akisikia dada yake yuko njiani. Tulisema anawalea watoto wa watu na kuwasahau wa kaka zake. Basi, masista walipotukabidhi vitu vyake, ilikuwa rozari, masweta mawili na madaftari yaliyofungwa kwa uzi wa kufumia. Ndani kuna safu zilizochorwa kwa rula: jina, ndoo, godoro, blanketi, fyekeo, jembe, na alama ya vema kwa kalamu ya kijani. Pembeni ameandika kila kitu kimetoka wapi. "Mbuzi wa mdogo wangu: godoro, ndoo." Baba Mdogo aliisoma mara tatu, akauliza kama mwenye godoro yupo. Alikuwepo, mama wa makamo, mwalimu sasa. "Kumbe ni wewe uliyekula mbuzi wangu!" Walicheka mpaka wakalia.

Wengi mnamkumbuka stendi ya Ilula. Kila Septemba, mtihani wa darasa la saba ukiisha na matokeo hayajatoka, mawakala wa wadada wa kazi walipanda kutoka Dar es Salaam. Shangazi Sista alikaa na kibao chake, anafuma sweta, macho kwenye mabasi. Akimwona msichana ana mfuko wa rambo na hana mzazi, anamwita: "Kamwene, binti. Unashuka mlima Kitonga kwenda Dar kwa nani?" Asiyejua hata jina la tajiri wake alipewa chai na andazi, kisha wanarudi wote kwao kwa miguu. Si kila mlango ulimpokea. Kuna baba mmoja alimtoa na jembe, na wiki iliyofuata akarudi palepale.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi (MMEM) ulipoanza 2002, tulimwambia apumzike. Tukamwambia tena 2016, ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilipoondolewa. Akatuuliza, "Ada imefutwa. Na umbali umefutwa?" Shule ya kata ipo, lakini mtoto anapangishiwa geto jirani na shule, miaka 14 na ufunguo wake mwenyewe. Akaanza kuzunguka akiomba matofali na mabati ya hosteli, mliotoa mnajijua.

Na wale waliokwisha kupata ujauzito aliwafundisha cherehani kwa miaka mingi, bila kuficha kwamba haikuwa shule aliyoitaka kwao. Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwa wanaweza kurudi darasani, alikuwa tayari anatembelea mkongojo. Aliomba redio iongezwe sauti, akasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho, halafu akauliza kikapu chake kiko wapi.

Tunawashukuru mapadre walioadhimisha misa, kwaya, Mama Mkuu na masista wote, hasa wale waliokesha naye zamu kwa zamu alipokuwa hawezi kujigeuza kitandani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi. Mwenyekiti wa kijiji na ndugu zetu Waislamu waliochimba kaburi pamoja na vijana wa parokia, Mungu awarudishie. Si rahisi kumtaja kila mmoja, tuwieni radhi.

Rambirambi, baada ya kulipa maturubai, mchele na mafuta ya magari, imebaki kiasi. Kikao cha ukoo kimeamua isigawanywe. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari kuna majina ya wasichana wanne wanaoanza kidato cha kwanza Januari, na safu zao za godoro na blanketi hazina vema. Tumemwomba yule mwalimu wa godoro anunue na kuwafikishia, na kalamu ya kijani tumempa yeye.

Misa ya arobaini itatangazwa parokiani. Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

Kuna sufuria mbili kubwa, jamvi la kijani na kiatu kimoja cha mtoto cha mguu wa kushoto vimebaki kwetu. Wenyewe wafike kwa Baba Mdogo, zizi lile la zamani.