Daftari la mahudhurio lina safu mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wa safu yenu ya maisha ya ofisini. Wiki iliyopita alitushauri vijana tuwe wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka ili bosi atuone. Mimi ni karani wa stoo katika kampuni moja ya samaki huku Mwanza, na ushauri huo nimeufuata miaka miwili kabla hajauandika.

Daftari letu la mahudhurio linakaa mapokezi. Saa 2:00 asubuhi unapigwa mstari wa wino mwekundu. Ukifika saa 2:05, hata kama daladala ya Igoma ilikwama Mabatini, jina lako liko chini ya mstari na mwisho wa mwezi utaulizwa. Safu ya kutoka haina mstari. Sangara wakichelewa kutoka visiwani, sisi wa stoo tunangoja mpaka saa 3 usiku tupime na kuandika, kisha kesho yake tunasaini kwamba tulitoka saa 11:00 jioni. Wote, kwa kalamu ileile iliyofungwa kamba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada iwe ya makubaliano na ilipwe si chini ya mara moja na nusu. (Mameneja hawaguswi na kifungu hicho, labda ndiyo maana hawachoki kututaka tukeshe.) Mwenzangu alipoulizia malipo yake alifunuliwa daftari: saini yako si hii hapa? Akanyamaza. Akawaza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini siku 60 za kupeleka dai la namna hiyo zikaisha bado anashauriana na mkewe.

Basi mwandishi aweke kando kwanza habari za tai na namna ya kumsalimia bosi. Atuandikie kuhusu karatasi tunazosaini, na jinsi mtu anavyoweza kukataa kusaini saa ya uongo bila kuitwa mkorofi. Hapo mimi nimeshindwa. Juzi usiku niliandika saa 3:15, muda halisi. Jana asubuhi nimekuta imepakwa wino mweupe, na juu yake 11:00, kwa mwandiko usio wangu.

Msomaji wenu,
Igoma, Mwanza