Barua kwa mwanangu: swali kwanza, riwaya baadaye

Mwanza

Mwanangu Neema,

Ama baada ya salamu, huku sote wazima na wadogo zako wanakusalimu. Ujumbe wako nimeupata. Insha ya maneno 2,500, riwaya mbili za Kiswahili, mada uchague mwenyewe, na tayari umeandika juu ya karatasi: "Nafasi ya mwanamke katika jamii." Ifute leo hii.

Mada hiyo haina ukingo. Riwaya gani ya Kiswahili haina mwanamke ndani yake? Utaishia kuorodhesha: mwanamke kama mlezi, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mwanamapinduzi, kila kimoja na mfano wake, kama majibu ya mtihani wa kidato cha sita. Wahadhiri wameshaisoma orodha hiyo mpaka wameichoka. Insha ya maneno 2,500 ni ndogo kuliko unavyodhani. Inabeba swali moja tu, na swali lenyewe liwe ambalo riwaya zako mbili hazilijibu sawasawa.

Nakupa moja, ulipime. Baba anapomfungia binti yake ili kumlinda, kinachokuja kumwangusha ni nini: kule kufungiwa, au jinsi mlango unavyokuja kufunguliwa? Kwa swali hilo chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980.

Nimezichagua hizi kwa sababu zimekutana kwenye tendo moja na kuachana karibu kila pahali pengine. Rosa, wa Rosa Mistika, ni wa Ukerewe, nyumba ya Kikristo, na baba yake Zakaria ni maskini na mlevi. Maimuna, wa Utengano, ni wa pwani, nyumba ya Kiislamu, na baba yake Maksuudi ana mali na anausaka uongozi wa kisiasa. Sasa ukikuta mabinti wawili wamelelewa kwa kufungiwa katika mazingira yaliyo mbalimbali kiasi hicho, huwezi tena kusema kwamba sababu ni dini, wala umaskini, wala pwani, wala bara. Inakubidi utafute zaidi. Kutafuta huko ndiko insha yenyewe. Wenzako wengi wataoanisha vitabu viwili vinavyofanana kila kitu, kisha washangae kwamba baada ya ukurasa wa pili hawana la kusema.

Kuna jambo moja natamani ulikazie macho. Maimuna anatolewa nje na watu wenye kisasi. Bi Farashuu ana jeraha la zamani na Maksuudi, na anampiga pale pale Maksuudi alipofunga mlango. Kwa hiyo unaweza kudai kwamba katika Utengano mlango unafunguliwa na adui, tena adui ambaye Maksuudi alimtengeneza kwa mikono yake. Kwa Rosa hali ni nyingine. Kinachomtoa nyumbani ni shule ya bweni, kitu ambacho jamii nzima inakisifu. Rosa anafika huko akiwaogopa wavulana, kwa sababu alishawahi kupigwa na baba yake kwa ajili ya barua ya mvulana, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuishi nao. Adui hayupo, na bado anaanguka. Hapo una hoja ambayo hutaikuta kwenye vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa stendi.

Halafu kuna akina baba wenyewe. Maksuudi anamlinda binti huku yeye ana kimada. Zakaria anachunga adabu ya Rosa ilhali pombe imemshinda. Andika aya nzima juu ya hilo, ila usiliishie kwenye neno "unafiki" na kuweka nukta. Jiulize kinacholindwa hasa ni kipi, binti au jina la baba, kisha onyesha ni katika ukurasa gani maneno ya baba yanamsaliti.

Kabla hujaapa kwamba hii ndiyo mada yako, ipime hivi. Tafuta vifungu kumi na viwili katika kila riwaya vinavyogusa kufungiwa au kufunguliwa moja kwa moja. Ukipata vinane au pungufu, mada ni finyu mno au umeisoma riwaya haraka. Ukipata arobaini, swali bado ni pana, likaze. Vifungu hivyo viandike kwenye daftari lenye safu nne: ukurasa, nani anasema, nani ananyamaza, nani ameshika ufunguo. Safu ya tatu ndiyo itakayokupa nyingi. Mtu anapopigwa ndani ya riwaya, wasomaji wengi hunukuu maneno ya anayepiga, wakamsahau aliyesimama pembeni.

Usomaji wa kwanza usishike kalamu. Wa pili ndio wa daftari. Na tangu siku ya kwanza shika toleo moja. Rosa Mistika imetoka kwa wachapishaji zaidi ya mmoja, na kurasa hazilingani. Mwanafunzi anayeazima nakala ya mwenzake kwa sura ya tatu, kisha anamalizia kwa nakala ya maktaba, anakuja na marejeleo ambayo mhadhiri akifungua hayaoni, na hapo mhadhiri anaanza kumtilia shaka hata pale alipokuwa sahihi. Ukipata fotokopi, hakikisha ukurasa wa hakimiliki umo.

Umeuliza kama unaweza kuchukua Nagona na Mzingile kwa kuwa ni nyembamba. Wembamba wake ni mtego. Ni za Kezilahabi huyo huyo, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini pale ameshaiacha njia ya Rosa kabisa. Bila kusoma falsafa kwanza utaandika juu ya kuchanganyikiwa kwako. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni chaguo la heshima, ila Yasmin anafungwa na ndoa ya mume mzee, si na baba tu, kwa hiyo ukiichukua badili swali liwe la ndoa. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed inakwenda kinyume: Rehema hafungiwi, anakataliwa na baba yake. Inaweza kukufaa kwa sentensi moja kwenye hitimisho, kuonyesha upande wa pili. Sentensi moja, si aya.

Maneno yako yagawe kabla ya kuandika. Utangulizi 250, na swali lako liwemo humo kwa sentensi isiyozidi mistari miwili. Muktadha 300. Kisha hoja tatu za maneno 550 kila moja, na hitimisho 300. Ndani ya kila hoja riwaya zote mbili ziwepo. Ukiandika nusu nzima ya Rosa kisha nusu nzima ya Maimuna, unakuwa umemwachia msomaji kazi ya kulinganisha, na kazi hiyo ndiyo uliyopewa wewe. Nukuu ziwe kumi hivi kwa insha nzima, fupi, na kila moja ifuatwe na maelezo yako marefu kuliko nukuu yenyewe.

Muktadha usiujaze wasifu wa waandishi. Kwamba Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 hakuthibitishi chochote kuhusu Zakaria. Kinachofaa ni kwamba riwaya ilitoka miaka minne baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, wakati shule ilikuwa inatajwa kama njia ya ukombozi, na kwamba kwa muda ilizuiwa kusomwa mashuleni. Kitabu kinachohusu binti kufichwa mambo, nacho kikafichwa mabinti. Hilo ukilisema kwa utulivu katika sentensi mbili, limetosha.

Kuhusu nadharia, najua utachukua ufeministi, kila mtu anauchukua, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ile aya ya mihimili sita inayowekwa mwanzoni halafu haionekani tena. Chagua mhimili mmoja au miwili, na kila mmoja uonekane ukifanya kazi ndani ya hoja. Ule usioufanyisha kazi, utoe.

Na tafadhali, sentensi zinazoanza na "mwandishi anatufundisha kwamba wazazi wasiwe wakali" zisiwemo. Riwaya hizi mbili hazikubaliani hata juu ya kitakachompata binti: Rosa anakufa, Maimuna anabaki hai na kuanza maisha mengine. Ukishaweka funzo moja juu ya zote mbili, tofauti hiyo imezikwa, na ndiyo iliyokuwa nyama ya hoja yako ya tatu. Uliza kwa nini mmoja aliachiwa njia ya kurudi na mwingine hakuachiwa. Anza kwa kuangalia nani alikuwa tayari kumpokea kila mmoja akiwa tayari ameshachafuka machoni pa watu.

Una wiki tano. Mbili za kusoma, moja ya daftari na mgawanyo wa hoja, moja ya rasimu, ya mwisho ya kusahihisha na marejeleo. Fedha ya nakala ya Utengano nimekutumia kwa simu asubuhi. Chenji nunua daftari. Ukishalipima swali kwa vifungu, nitumie hilo swali tu, kwa sentensi moja, kabla hujaandika kitu kingine chochote.

Mama yako