Picha za sura: Jumamosi tunaanzia soko la samaki

Wadau mambo vipi, ule mradi wetu wa picha za sura za watu wa Bagamoyo sasa unaanza, Jumamosi saa 12 asubuhi tukutane pale soko la samaki, na nikisema saa 12 ni saa 12 kweli sio ile ya kwetu, maana jua linatokea baharini na mwanga laini haukai, ikishafika saa 4 macho yote yashaingia kivuli. Mwenye lenzi ya 50mm aje nayo, fungua tundu la lenzi hadi f/2 hivi, ila fokasi iwe jichoni sio puani jamani 😂 Simu pia ruksa.

Kubwa ni adabu. Wazee shikamoo kwanza, kaa nao, agiza hata kahawa, ndo uombe picha. Akikataa basi, usimvizie kwa mbali. Wale mama wakaanga samaki washachoka na watu wanaopiga na kutokomea, kwa hiyo kila tutakayempiga lazima apate nakala yake mkononi, hela ya kusafisha picha mtumieni mweka hazina kabla ya Ijumaa.

Jua likikaza tunahamia Mtaa wa India, kwenye vibaraza na milango ya nakshi.