Kanuni zangu za kusoma naziandika mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu watu kuelemewa na jumbe za simu niliisoma hadi mwisho, na ni huo mwisho ambao sikubaliani nao. Mwandishi anatushauri tuzime simu ifikapo saa mbili usiku. Mimi ni mhasibu mstaafu, nasoma mengi mtandaoni kuwashinda vijana wa nyumbani kwangu, na sizimi kitu. Kwangu, kinachoamua nisome nini na nisisome nini ni faili moja la maandishi matupu, na kila mstari wake nimeuandika mimi.

Nazungumzia Usenet. Ilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, tovuti zikiwa bado hazijakuwapo duniani. Ni makundi ya mijadala yaliyogawanywa kwa mada, na ujumbe hupita kutoka seva moja (kompyuta inayopokea na kusambaza jumbe) hadi nyingine bila mtandao mzima kuwa mali ya mtu yeyote. Na kwa kuwa hauna mwenyewe, hakuna anayeweza kukulazimisha utumie programu fulani kuusoma. Wako wanaotumia tin, wengine Gnus. Mimi natumia slrn, kazi ya John E. Davis, ambayo ni maandishi tu kwenye skrini nyeusi na huendeshwa kwa kibodi. Mpwa wangu alipoiona mara ya kwanza alisema, "Mjomba, hii si ile kompyuta ya benki ya enzi za Mwalimu?" Nikamwambia avute kiti.

Nilichomwonyesha ni faili la alama. Linafanana na leja: huyu namwandikia jumlisha, yule namwandikia toa. Unaanza na jina la kundi ndani ya mabano ya mraba, chini yake unaweka alama, halafu unataja cha kutafutwa: jina la mwandishi, kichwa cha ujumbe, hata wingi wa mistari yake. Ujumbe ukipata hasi 9999 hauonekani tena machoni pangu. Mimi nina baiskeli ya Phoenix ninayoitengeneza mwenyewe, kwa hiyo nafuatilia kundi la rec.bicycles.tech. Wazungu wale wanajua sana kunyoosha tairi na kurekebisha spoki, ila wakigusa habari ya kofia ngumu hawamalizi ugomvi. Nimeandika kanuni moja tu: kichwa kikitaja kofia, hasi 9999. Sasa nasoma spoki kwa amani. Na kwenye comp.lang.awk, kundi la awk, lugha ya kompyuta ya kuchambua maandishi na hesabu, ambako naulizia mambo ya kujumlisha hesabu za msikiti, ujumbe wowote unaonijibu mimi hupewa alama za juu ukapanda mbele ya mingine.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba kanuni inaweza kuwekewa tarehe ya kuisha. Kuna bwana mmoja anayejua awk vizuri mno lakini akikasirika haambiliki. Nampa hasi kwa mwezi mmoja, kisha kanuni inakufa yenyewe na bwana anarudi mezani. Kwenye simu zetu, mara nyingi ni kumfungia mtu au kumwachia, basi. Mpwa wangu naye akauliza swali la maana: utajuaje kwa nini ujumbe fulani umepanda au umeshuka? Nikabonyeza herufi v, na slrn ikaorodhesha kanuni zilizougusa ujumbe ule, mojamoja. Naomba mwandishi wenu ajaribu kuiuliza simu yake kwa nini imemletea video ile na kuiacha nyingine.

Upande wa kuandika nao nimeupanga kufuatana na tabia zangu, na tabia yangu mbaya ni hasira ya haraka. Nikijibu, slrn hufungua kihariri, yaani programu ya kuandikia, nilichokichagua, maneno ya mwenzangu yakiwa na alama ya > mwanzoni mwa kila mstari. Nafuta yote nisiyoyajibu, kwa sababu kurudisha ukurasa mzima ili uandike "sawa kabisa" chini yake ni utovu wa adabu. Mistari nimeiwekea kikomo cha herufi 72, ili mtu akininukuu maneno yasivunjike. Saini yangu ina mistari miwili. Desturi inaruhusu hadi minne, ikitanguliwa na vistari viwili na nafasi. Nikimaliza, programu haitumi. Inauliza: nitume, nirudi kuhariri, nifute, au niweke kiporo? Mimi huweka kiporo. Asubuhi baada ya chai nasoma upya, na vingi havitoki.

Bando pia halinisumbui. Programu ndogo iitwayo slrnpull huchota jumbe zote mpya usiku wa manane na kuziweka kwenye diski, nami mchana nazisoma bila intaneti. Maandishi matupu ni mepesi mno.

Wapo watakaosema Usenet imekufa. Google walisitisha huduma yao ya Usenet tarehe 22 Februari 2024, na wengi wakadhani ndiyo mazishi. Kwa tunaotumia seva nyingine, kilichopungua ni takataka: matangazo mengi ya ovyo yalikuwa yanapitia mlango ule, na kanuni niliyokuwa nimeiandika kuyazuia sasa haina kazi. Ni kweli makundi mengi yamekauka na Kiswahili humo ni haba. Siwaambii wasomaji wahamie huko.

Ninachoomba ni kwamba ukurasa wenu wa teknolojia, ambao kila wiki unatutangazia simu mpya, utoe safu moja kwa mwezi kuonyesha msomaji anavyoweza kuipanga programu anayoitumia imtii yeye: barua pepe, kisoma habari, hata hizo simu zenyewe pale zinaporuhusu. Mkikubali, faili langu la alama nitawaletea ofisini. Ni kurasa mbili, na majina ya watu nitakuwa nimeyafuta, hasa la yule bwana wa awk.

Mhasibu mstaafu,
Ngamiani, Tanga